Maharage ya nusu kilo kwa nusu saa ya gesi

Gesi ya nyumbani haimalizwi na chai ya asubuhi wala mayai ya kukaanga. Inamalizwa na maharage, makande, nyama ya mifupa na kila sufuria inayokaa jikoni saa 2 au zaidi. Kama mtungi wako wa kilo 6 unakatika mwezi haujaisha, anza kuchunguza hapo kabla hujaanza kunyima watoto chai.

Maji yakishachemka, hayapati moto zaidi hata ukifungua jiko mpaka mwisho. Dar es Salaam au Mombasa yatabaki nyuzi 100 za Selsiasi. Arusha na Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi au chini kidogo, ndiyo maana maharage yaleyale huko huchukua muda mrefu zaidi. Moto mkubwa baada ya hapo unazalisha mvuke tu, na mvuke huo ni hela inayotokea dirishani. Punje inaiva kwa joto na muda. Ukiweza kulifungia joto ndani ya sufuria, muda uliobaki ni wa bure.

Tupige hesabu kidogo. Tuchukulie mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 24,000, yaani gramu 1 kwa shilingi 4. (Bei ya kwako ikiwa tofauti, gawanya bei kwa gramu, upate yako.) Nusu kilo ya maharage makavu yasiyolowekwa, yakipikwa saa 2 na nusu, hula takribani gramu 250: shilingi 1,000. Yakilowekwa usiku kucha hula gramu 145 hivi: shilingi 580. Yakilowekwa, yakachemshwa kisha yakamaliziwa kwenye kapu la kupikia, yaani kapu lililojazwa vitambaa linalotunza joto bila moto (utalitengeneza hapa chini), ni kama gramu 60: shilingi 240. Haya ni makadirio, jiko na jiko hayafanani, lakini tofauti yenyewe si ndogo. Nyumba inayopika maharage mara 4 kwa wiki, ikihama kutoka njia ya kwanza kwenda ya tatu, inaokoa kilo 3 za gesi kwa mwezi. Hiyo ni nusu ya mtungi.

Kabla ya kuwasha moto

Maharage ya zamani hayaivi. Yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu, kama stoo nyingi za Pwani zilivyo, ndani ya punje hutokea mabadiliko ambayo hata saa 4 za moto hayayaondoi. Unaponunua, angalia rangi: yaliyokaa sana hufifia na kuwa na wekundu wa kahawia uliokufa, na ngozi yake hujikunja. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, halafu nunua robo kwanza ukajaribu. Maharage ya njano huiva upesi kuliko mekundu mengi, kwa hiyo hata yakiwa ghali kidogo kwa kilo, piga hesabu pamoja na gesi ndipo useme yapi ni rahisi.

Chambua, osha, loweka. Nusu kilo inahitaji lita 2 za maji, saa 8 hadi 12. Kwenye joto la Januari na Februari badilisha maji mara moja katikati, la sivyo utaamka ukute povu na harufu ya uchachu. Punje zinazobaki ndogo na zenye mikunjo wakati wenzake wamevimba ndizo zitakazokugomea, zitoe. Maji ya kulowekea mwaga, upikie mengine. Hilo pia hupunguza tumbo kujaa.

Ukisahau kuloweka, chemsha maharage dakika 3, zima, funika saa 1, mwaga maji. Inasaidia, ila umeshalipia gesi ya kuchemsha mara moja bila kupika chochote.

Maji ya kisima yenye chokaa huyafanya maharage yakakamae, kwa sababu madini yake hushikana na ngozi ya punje. Kama sufuria yako ya chai inaota ukoko mweupe chini, maji yako ni hayo. Tumia ya mvua au ya bomba kwa kupikia maharage. Magadi husaidia, lakini robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha. Ukizidisha, maharage yatakuwa na ladha ya sabuni, yatapondeka, na vitamini B1 itapotea.

Nyanya, ndimu na ukwaju usiweke mpaka yameiva. Vitu vichachu huzuia ngozi kulainika. Anayetia nyanya mwanzoni halafu akalalamika kwamba gesi inakwisha haraka, hana wa kumlaumu.

Kutengeneza kapu la kupikia

Kapu hili halitumii moto wala umeme. Ni kiota kinene cha kitu chenye hewa nyingi ndani yake, kinachoshika sufuria pande zote ili joto lisipate pa kutokea. Utahitaji:

- tenga, kapu kubwa la ukili au boksi gumu la katoni, lenye nafasi ya sentimita 10 kila upande wa sufuria, na 10 chini yake;
- vya kujazia, kiasi cha gunia moja lililoshindiliwa kidogo;
- kitambaa kizito cha pamba, kama mita 2. Kanga 2 zilizochakaa zinafaa;
- mto wa juu, upana wa mdomo wa kapu, unene wa sentimita 12.

Cha kujazia kizuri na cha bure ni vipande vya vitambaa kwa fundi cherehani. Wengi huvitupa au kuvichoma, mwambie akuwekee kwa wiki moja. Sponji la godoro chakavu likichanwa vipande vya ukubwa wa yai linafanya kazi vizuri pia. Sufi ni nzuri sana ukiipata. Majani makavu ya mgomba na pumba za mpunga zinafaa, ila lazima ziwe zimeanikwa juani siku 2 au 3, vinginevyo zitaota ukungu ndani ya mwezi. Magazeti yaliyokunjwakunjwa yanatosha kwa kuanzia, lakini hulala upesi na kuacha matundu.

Chini weka sentimita 10 za kujazia, ushindilie kwa kiganja mpaka sufuria ikikaa isizame. Tandika kitambaa juu yake, kikiwa kimelegea, kisha weka sufuria tupu katikati na mfuniko wake. Sasa jaza pembeni, nje ya kitambaa, ukishindilia kidogokidogo kuzunguka sufuria mpaka usawa wa mfuniko. Toa sufuria taratibu. Kiota kinapaswa kubaki na umbo lake. Kikibomoka, umejaza kidogo. Shona ncha za kitambaa kwenye mdomo wa kapu kwa sindano kubwa na uzi wa katani, ili vya kujazia visitoke kila unapoweka chakula.

Mto wa juu ndio unaoharibiwa na wengi. Joto hupanda, kwa hiyo mto mwembamba unamaliza kazi yote uliyofanya pembeni. Uwe mnene, ukubwa wake uzidi kidogo mdomo wa kapu, ili ukiukandamiza uzibe kila upande. Mto wa kulalia uliochoka unaweza kutumika kama ulivyo, lakini uwe na foronya inayofulika, kwa sababu utalowa mvuke.

Usiweke nailoni wala mfuko wa plastiki mahali panapogusa sufuria. Utayeyuka. Wengine hutandika karatasi ya foili ndani ya kitambaa. Haina ubaya, lakini kapu lenye kujazwa vizuri halina haja nayo.

Sufuria zetu za alumini zisizo na mikono ndizo zinazofaa hasa, kwa kuwa zinakaa kwenye kiota bila kuacha nafasi. Mfuniko ndio wa kuangalia. Sahani ya bati inayochezacheza juu ya sufuria inavujisha mvuke. Tafuta unaobana, na kama haupo, weka kitambaa safi cha jikoni kati ya mdomo na mfuniko, ncha zake zikunjwe juu, baada ya kuzima moto.

Kabla ya kuamini kapu lako na chakula, lipime. Chemsha maji yanayojaza robo tatu ya sufuria, yafunike, yaweke ndani, funga. Baada ya saa 4 fungua, pima kwa kipimajoto cha jikoni ukiwa nacho. Nyuzi 70 au zaidi ni kapu zuri. Chini ya 60, ongeza vya kujazia na unenepeshe mto. Bila kipimajoto: maji yanapaswa kuwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuzamisha kidole. Yakiwa ya kuogea tu, kapu halijawa tayari.

Kupika maharage yenyewe

Nusu kilo iliyolowekwa inataka sufuria ya lita 3. Sufuria kubwa yenye chakula kidogo chini inapoa haraka, kwa sababu hewa iliyobaki juu haina joto la kutunza. Ijae robo tatu. Kama familia ni ndogo, pika nusu kilo nzima leo, nyingine uweke kwenye friji baada ya kupoa.

Weka maharage, mimina maji mapya mpaka yazidi juu ya punje kwa vidole 2. Yasiwe mengi kama ya jikoni, maana kwenye kapu hakuna yanayokauka. Funika, washa pleti kubwa. Yakianza kutokota yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili. Hizi dakika 10 si za hiari: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na joto la kapu peke yake haliiharibu. Baada ya hapo punguza moto mpaka mchemko uwe mdogo, dakika 5 nyingine. Ukihesabu na muda wa kufika kwenye mchemko, ni kama nusu saa.

Kabla ya kuhamisha, kila kitu kiwe karibu. Kapu liwe wazi, chini ya meza, kando ya jiko. Zima, shika sufuria kwa vitambaa viwili bila kufunua, iingize kwenye kiota, kandamiza mto. Kama chini ya sufuria kuna masizi, tandika kwanza kipande cha gunia. Mwendo wote usizidi sekunde 30.

Saa 3 hadi 4. Usichungulie. Ukifunua mara moja, mvuke uliokuwa unashikilia joto umetoka, na hakuna moto wa kuurudisha. Ukifungua mwishoni ukakuta bado yana kiini kigumu, rudisha jikoni, yachemke dakika 10, yarudi kapuni saa 1. Ndipo uunge: vitunguu, nyanya, chumvi. Tui la nazi linakuja mwisho kabisa, jikoni, kwa sababu likikaa kwenye joto la kapu saa nyingi hukatika na huchacha.

Jambo moja halina mjadala. Chakula kikitoka kwenye kapu kikiwa vuguvugu, yaani mkono unavumilia sufuria bila shida, kichemshe upya mara moja kabla ya kuliwa. Na usikiache humo usiku kucha. Kati ya nyuzi 60 na 5 bakteria huzaliana haraka, na kapu lililopoa ni mahali pazuri mno pa kuwafugia.

Vingine vinavyokubali kapu

Makande ni magumu zaidi: loweka mahindi na maharage saa 12, chemsha dakika 40, kapu saa 5, kisha rudisha jikoni dakika 10 hadi 15. Mahindi yaliyokobolewa hupunguza muda huo sana. Choroko zisizolowekwa: dakika 10 za kuchemka, kapu saa 1 na nusu. Nyama ya ng'ombe ikatwe vipande vidogo, ichemke dakika 20, halafu saa 3 au 4. Vya mifupa mikubwa huongeza saa moja. Viazi na ndizi mbichi ni dakika 5 hadi 8 za mchemko kisha saa 1.

Wali nao hukubali, lakini punguza maji. Badala ya vikombe 2 kwa kikombe 1 cha mchele, weka kikombe 1 na nusu. Maji yachemke na chumvi na mafuta, tia mchele, ukichemka tena dakika 4 funika na uhamishe. Dakika 45 hadi saa 1 utakuwa umechambuka. Ukiwa na ugumu katikati, uliweka mchele kidogo mno kwenye sufuria kubwa. Wali ukiwa kama uji, maji yalizidi. Wali ule siku hiyohiyo, usiuache ukipoapoa kapuni.

Ugali, chapati na mchicha havina kazi na kapu. Ugali unataka mwiko, na mchicha unaiva kabla hujamaliza kufungua mto.

Presha kuka ya umeme

Kama umeme wako ni wa uhakika, hii inaipiku hata gesi. Maharage yaliyolowekwa hutumia takriban uniti 0.3 hadi 0.5, kwa sababu mashine ikishapata presha hujizima na kujiwasha. Kwa bei ya kawaida ya LUKU ya karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi 110 hadi 180. Usiamini maandishi ya kwenye boksi: soma mita kabla, soma baada, toa.

Walio kwenye kundi la D1 la TANESCO, yaani wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo, wawe na hesabu nyingine. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi, na zinazozidi hapo hutozwa zaidi ya mara 3. Kupika maharage mara 16 ni uniti 5 hadi 8. Kama kawaida yako ni 60, endelea tu. Kama unaishia 72, mashine itakuvusha mstari.

Usijaze zaidi ya nusu kwa maharage, povu lake huziba tundu la mvuke. Ukisikia mashine inapiga mvuke pembeni muda wote na presha haipandi, tatizo ni raba ya mfuniko: imechafuka, imekauka au imekaa upande. Ivue, ioshe, irudishe. Raba iliyopasuka inabadilishwa, haipakwi mafuta. Na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya bei poa. Wati 1,000 kwa muda wa nusu saa hupasha moto waya wake, na plagi ikilegea huungua.

Mtungi unaponunuliwa na unapoisha

Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo au mkono wake, mara nyingi kwa herufi T.W. Ukikuta 7.2, mtungi wa kilo 6 uliojaa unapaswa kupima 13.2. Sisitiza upimwe mbele yako, na sili iwe nzima kabla hujalipa. Mizani ndogo ya kuning'iniza nyumbani inakuambia gesi iliyobaki wakati wowote, na ndiyo njia ya kujua kama njia mpya ya kupika inaokoa kitu: pima Jumapili, pima Jumapili inayofuata.

Moto uwe wa bluu na usipite ukingo wa chini ya sufuria. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, matundu ya jiko yameziba kwa chakula kilichomwagika. Vua kichwa cha jiko kikiwa kimepoa, kisugue kwa brashi kavu, zibua matundu kwa sindano. Kila ubadilishapo mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata na maungio ya mpira. Mapovu yakivimba, gesi inavuja, funga na usiwashe kitu.

Gesi ikikaribia kuisha, kuna mazoea ya kulaza mtungi au kuumwagia maji ya moto. Acha. Ukiulaza, gesi ya majimaji huingia kwenye regulata na jiko, na moto unaweza kuruka ghafla mpaka usoni. Utakachopata ni chai moja tu.

Kama unatumia mkaa

Kapu linafanya kazi vilevile, tena faida yake ni kubwa zaidi, kwani jiko la chuma tupu hupoteza joto lake nyingi. Jiko lenye udongo ndani hushika joto vizuri zaidi. Sufuria ikishahamia kapuni, usiache mkaa uwake bure na usiumwagie maji. Uhamishe kwa koleo kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba. Utazimika kwa kukosa hewa, na kesho utawaka upesi kuliko mpya. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku hata kama makaa yanaonekana yamefifia, hewa yake ya sumu haina harufu.

Kapu baada ya kila matumizi litolewe mto, lianikwe juani. Kila baada ya miezi 3 au 4 fungua mshono upande mmoja, chambua vya kujazia vilivyolala, ongeza vingine, kisha rudia jaribio la maji.